Chediel Lenta na Uwanja wa Tenisi

Huku kwetu Unyambwa mtu hapewi jina la utani bure. Chediel alilipata lake, Lenta, kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alianza nyumba ya matofali ya kuchoma, nyumba nzuri, kona zimenyooka, wapita njia wakisimama kuitazama. Ikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, na hapo ikasimama. Chumba kimoja alikifunika kwa turubai, akahamia na mkewe Janeth na mtoto wao Eliana, akasema ni kwa muda tu. Mtama ukapandwa ukavunwa, ukapandwa tena ukavunwa, na turubai likabadilishwa kwa turubai jingine.

Msije mkadhani alikuwa mvivu. Mvivu tungemwelewa, tunao wengi. Chediel alikuwa anaamka kabla ya jogoo, ila kila kazi ilimpendeza mpaka pale ilipobaki kidogo iishe, ndipo akaiona nyingine. Shimo la choo lilifika kimo cha mtu likaachwa. Banda la kuku lilikuwa na kuta tatu, na kuku, kwa kuwa si wajinga, wakaendelea kulala jikoni. Baiskeli aliifungua yote ili aisafishe, na nati zake hadi leo zimo kwenye kopo la maziwa.

Mwaka ule upepo ulipolichana turubai mvua ikinyesha, Eliana alilowa, akakohoa muda mrefu. Janeth hakugombana na mtu. Alifunga vyombo vyake, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwa baba yake Utemini, kule mjini.

Baba yake, Mzee Melkizedeki, ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Chediel alipomfuata mkewe, mzee alimpa kiti, akaitikia shikamoo yake, akaagiza aletewe chai. Kisha akasema, "Mkwe, mimi sikunyimi mkeo. Siku utakayonionyesha kitu kimoja ulichokianza ukakimaliza, kimoja tu, njoo umchukue. Hata kama ni kigoda."

Tunaambiwa alianza kigoda. Hatujakiona.

Lakini alimpenda Janeth, na hilo hakulificha. Jioni alikula ugali wake amesimama mlangoni, uso umeelekea njia ya mjini, na ukipita ukamsalimia alijibu salamu huku akitazama nyuma yako kama kuna mtu mwingine anayekuja. Ilitusikitisha, ingawa hatukuacha kumwita Lenta.

Basi akarudi Mwalimu Rahabu. Alikuwa amefundisha michezo kwenye vyuo vya ualimu huko na huko, akastaafu, akaja kukaa kwenye shamba la marehemu baba yake, jirani na shule ya sekondari. Akatangaza kwamba kipande cha shamba hilo atakifanya uwanja wa tenisi, wanafunzi wa sekondari wacheze.

"Tenisi ya mezani?" mwenyekiti wa mtaa aliuliza kwa adabu.

"Ya chini," alisema Mwalimu Rahabu.

Mafundi wetu waliposikia hivyo, wote walikumbuka kwamba wana kazi Ikungi. Akabaki Chediel. Mwalimu hakuwa mwenyeji tena, hakujua habari za lenta, na sisi tuliojua hatukumwambia. Tulitaka kuona.

Siku ya kwanza Chediel alifika mapema, akapiga vigingi na kuvuta kamba kufuata njia inayokwenda shuleni, kwa sababu huku kila kitu hujengwa kikiitazama njia. Alipomaliza, kamba ilikuwa imenyooka na yeye amefurahi. Mwalimu alikuja, akasimama upande mmoja wa kamba, akatazama jua lililokuwa linapanda, akafumba jicho.

"Ng'oa," akasema.

"Vyote, mwalimu?"

"Vyote. Ukiujenga hivi, mmoja atacheza asubuhi jua likimpiga machoni, na jioni litampiga mwenzake. Mpira wa tenisi hurushwa juu, lazima uutazame. Uwanja ulale kaskazini na kusini, jua lipite ubavuni."

Hapakuwa na dira. Mwalimu alisimika fimbo katikati ya uwanda. Asubuhi waliweka jiwe kwenye ncha ya kivuli chake, na baada ya adhuhuri, kivuli kilipofikia urefu uleule upande wa pili, wakaweka jiwe jingine. Kamba kutoka jiwe hadi jiwe ilionyesha mashariki na magharibi, na iliyoikata msalaba ikawa ndiyo uti wa mgongo wa uwanja. Uwanja ukakaa mshazari na njia, mshazari na shule, mshazari na kila nyumba iliyokuwa karibu. Watu walipita wakishika viuno. Mmoja alisema Lenta safari hii ameanza kwa kupinda, tofauti na nyumba yake iliyoanza kwa kunyooka.

Kisha wakapima. Mahali pa kuchezea si pakubwa, mtu mwenye mbio anapavuka kabla hujamaliza kumsalimia, lakini nyuma na pembeni lazima paachwe nafasi pana, kwa sababu mchezaji hukimbilia mpira hata ukishatoka. Chediel aliona ni uharibifu wa ardhi. Mwalimu akampa raketi, akamrushia mpira. Chediel akarudi nyuma kuufuata, akarudi, akarudi, akaangukia kwenye kichaka cha miiba, na tangu hapo hakubishana juu ya nafasi.

Wakachimba, wao na vibarua wachache. Udongo wa juu, ule wenye mizizi, wote ulitolewa, maana mzizi ukioza ardhi hubonyea. Chini wakapanga mawe, na mawe Singida hatuyaombi kwa mtu. Juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, kila tabaka likamwagiwa maji na kushindiliwa. Rola walitengeneza wenyewe: pipa la mafuta, bomba la chuma katikati, zege tele ndani. Likivutwa na watu wanne linatembea, likivutwa na watatu linawatazama. Uwanja wote waliuinamisha kidogo, upande mmoja juu na wa pili chini, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanajua. Upande wa mashariki, unakotoka upepo, wakapanda minyaa mistari miwili.

Kila tabaka lilipokwisha, sisi tulisubiri Chediel aondoke. Mara moja alikaribia. Walikuja watu wakamwita akaezeke ghala, kazi safi, na tulimwona amesimama kando ya uwanja akitazama upande wa lile ghala, vumbi la moramu limemjaa nyusi. Alisimama muda. Halafu akarudi kushika bomba la rola, na tukarudi majumbani tukiwa tumevunjika moyo kidogo.

Likabaki tabaka la juu, ndilo la kuchezea. Mwalimu alikuwa ameamua liwe la udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshausaga na kuunganisha kwa mate yao, ukikauka unakuwa mgumu na haupasuki ovyo. Vichuguu vinne vikubwa vilivunjwa, udongo ukaletwa kwa mkokoteni. Ndipo habari ikaja kutoka Itigi kwamba dada yake Mwalimu, Selina, anaumwa. Mwalimu akapanda basi. "Chekecheni, mtandaze, mmwagie maji, mviringishe," alimwambia Chediel. "Nikirudi tunapiga mistari."

Chediel aliwaita akina mama wakamsaidie, wakiongozwa na Agripina, ambaye kwa kutengeneza uga wa kupuria mtama hana mwenzake mtaa mzima. Agripina alikuja na wenzake kumi na mbili, na ngoma moja, na madebe ya mavi mabichi ya ng'ombe.

"Ya nini haya, mama?" aliuliza Chediel, ingawa alijua.

"We mtoto, sakafu utaisiriba na nini? Na uji?"

Kila mtu akakubaliana naye. Uga wa mtama husiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ndivyo walivyofanya bibi zetu, ndivyo punje zisivyochanganyika na vumbi. Mwalimu hakuyataja, lakini Mwalimu ni mtu wa vyuo, labda aliona haya kuyataja. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na siku hiyo tulikuwa wengi sana. Tulichanganya, tukatandaza, akina mama wakapanga mstari wakiwa peku, wakashindilia kwa miguu na magongo huku wakiimba, hadi jioni.

Ukauke uone. Ulikuwa laini, wa rangi ya kahawia iliyokolea, hauna ufa. Watu walivua viatu kabla ya kuukanyaga, bila kuambiwa. Chediel aliuzunguka, akauzunguka tena, akawa hana la kufanya, kitu ambacho hakijawahi kumtokea maishani. Akatoa simu akampigia Mzee Melkizedeki.

Mzee alikuja kesho yake na bodaboda. Alivua viatu, akatembea kutoka pembe moja hadi nyingine, akainama akapitisha kiganja chini, akakitazama kiganja. Hakikuwa na vumbi.

"Umemaliza," akasema.

"Nimemaliza, baba. Bado mistari tu."

"Mistari ni chaki. Jumamosi njoo na watu wako, umchukue mkeo."

Jioni ile Chediel alifagia chumba cha turubai mara mbili. Alituambia ameongea na Janeth kwenye simu, na Janeth amecheka. Hakuweza kutuambia amecheka nini, alirudia tu kwamba amecheka.

Mwalimu Rahabu alirudi Alhamisi, dada yake amepata nafuu, mkononi ana chupa ya asali ya Itigi na kikebe cha mipira. Aliuona uwanja kwa mbali akatabasamu. Alipofika karibu akanusa. Alitoa mpira, akaunyoosha mkono juu ya bega, akauachia.

Mpira ulianguka, ukanyanyuka kidogo kama mtu aliyeitwa usingizini, ukalala.

Aliuokota akaujaribu mahali pengine, na pengine tena. "Mavi ya ng'ombe yana majani ndani," alisema mwisho, kwa upole. "Yanameza mdundo. Na ukimwagia maji utateleza, mtoto ataanguka avunjike."

Agripina akasema, kwa mtama ungefaa sana. Mwalimu akasema ni kweli, ungefaa sana.

Lawama tungeweza kumpa Mwalimu kwa kutokutaja, au Agripina kwa kutaja, au sisi wenyewe kwa kuitikia. Mwalimu ndiye aliyeliondoa jambo hilo. Alimvuta Chediel kando, lakini uwanda ni wazi na sisi masikio tunayo. "Nimesikia habari za Jumamosi," alimwambia. "Usiuguse sasa. Mlete mkeo kwanza. Akishatulia, tutaufumua taratibu, tabaka la juu tu. Mimi sitasema kwa mzee, na hawa hawatasema."

Na kweli tusingesema. Ni mara chache Unyambwa nzima kukubaliana kufunga mdomo, na siku hiyo tulikuwa tayari. Tulimzunguka Chediel, tukamwambia mchukue mke kwanza, udongo hauendi popote. Yeye alikuwa anautazama ule mpira uliolala.

"Baba aliniambia nimemaliza," alisema. "Mimi nikaitikia."

"Basi si umeshaitikia?" alisema Agripina.

"Nikimleta Janeth kwa uwanja huu, nitakuwa nimemleta chini ya lenta nyingine."

Asubuhi tulimkuta ameshaanza na sururu. Tabaka lilikuwa limeshika, linatoka vipande vipande kama mkate wa jana, na kila kipande alikibeba mwenyewe hadi kwenye mbuga ya jirani. Hakuna aliyemcheka. Wengine tuliondoka kwa sababu kumtazama kulitutia uchungu.

Jumamosi alikwenda Utemini peke yake. Haya yaliyofuata alitusimulia mwenyewe baadaye. Anasema aliliona begi la Janeth kabla hajamwona mtu yeyote, limesimama mlangoni, limefungwa zipu, juu yake kuna viatu vya Eliana vilivyopigwa brashi.

"Umekuja peke yako," alisema Mzee Melkizedeki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, uwanja nimeufumua." Akaeleza yote, mavi, mpira, mdundo.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Nilikanyaga mwenyewe kwa miguu yangu. Ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri wa kupuria, baba. Sikuajiriwa kutengeneza uga."

"Mkwe, mimi nimeshawaambia watu kanisani kwamba umemaliza." Mzee akalitazama lile begi. "Neno langu ni lilelile."

Janeth alitoka ndani. Alimtazama mumewe, mikono yake ilikuwa na malengelenge ya sururu, akaitazama mikono ile muda mrefu kuliko alivyoutazama uso. Kisha akachukua begi, akalirudisha chumbani. Chediel anasema alilia njia nzima kutoka Utemini, mchana kweupe, na bodaboda walimpisha.

Vichuguu vikatafutwa vingine, mbali zaidi. Safari hii udongo ulichekechwa mara mbili, na Agripina ndiye aliyeshika chekeche, hakuruhusu mtu mwingine alishike. Mwalimu alinyunyizia chumvi ya mawe, akasema chumvi hushika unyevu, upepo wetu huu usiuibe wote. Wakamwagia, wakasubiri, wakaviringisha, wakamwagia tena. Mpira uliporushwa uligonga chini ukapanda hadi kiunoni kwa Mwalimu, ukashuka, ukapanda tena. Tulipiga makofi, tusijue tunampigia nani. Mistari ikapigwa kwa chokaa, wavu ukafungwa kwenye nguzo mbili.

Siku ya ufunguzi Mwalimu alimwalika Mzee Melkizedeki aombe sala, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, na pengine kwa sababu nyingine. Alikuja amevaa koti. Nyuma yake alikuja Janeth, amemshika Eliana mkono. Begi hakuwa nalo. Tulitazama wote, hakuwa nalo.

Sala ikaombwa. Wasichana wawili wa sekondari wakacheza, vibaya, kwa furaha kubwa. Walipopumzika, mzee alivua viatu akaingia uwanjani. Alipita pale wasichana walipokuwa wanakimbia, akaona udongo umechimbika kwa nyayo, na mstari mmoja umefutika. Upepo ulikuwa umeshaanza kuinua vumbi jembamba upande wa minyaa, ambayo ilikuwa bado mifupi.

"Sasa umekwisha?" aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Tulimwombea Chediel aseme ndiyo. Neno moja tu. Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo.

Chediel aliitazama ile mistari. "Hapana, baba," akasema. "Huu hauishi. Wakicheza, unachimbika. Usipomwagiwa maji asubuhi, upepo unaubeba. Usipoviringishwa, unapasuka. Mistari ni ya kupiga kila siku. Mvua kubwa ikija, tabaka la juu linaletwa upya. Mwalimu alinieleza tangu mwanzo, mimi sikuwa nimeelewa."

Mtu mmoja nyuma akasema "Lenta" taratibu, na watu wachache wakacheka, halafu wakaacha. Mzee Melkizedeki aliinama akachukua viatu vyake. Alionekana amechoka.

"Baba Eliana," alisema Janeth. Alikuwa amesimama nje ya mstari. "Na leo jioni utafanya nini?"

"Wakiondoka, nitaufagia. Nitaumwagia."

"Na kesho?"

"Asubuhi nitauviringisha."

"Na keshokutwa?"

"Hivyohivyo."

"Hata ukiitwa kuezeka ghala?"

Chediel alichelewa kujibu, na tunaamini alikuwa anafikiri kweli. "Nitaenda nikishaumwagia," akasema.

Janeth alimgeukia baba yake. "Baba, wewe ulimtaka mtu wa kumaliza. Mimi sikuwahi kumtaka huyo. Nyumba ingesimama kwenye lenta hata miaka kumi, kama ningekuwa naamka namwona juu yake na tofali mkononi." Akamvuta Eliana karibu. "Nilichoka kuamka peke yangu na kazi aliyoiacha."

Mzee alibaki ameshika viatu. Mwishowe alisema, "Mimi niliweka sharti nililojua kuliweka."

"Najua, baba. Asante."

Akamvua Eliana viatu, akavua vyake. Wakaingia uwanjani peku, wakapita pembeni mwa mistari wasiikanyage, hadi alipokuwa amesimama Chediel.

"Ndoo ziko wapi?" aliuliza Janeth.

Begi aliletewa na bodaboda jioni ile, walipokuwa bado wanamwagia.